KITUNGUU: VILIVYOMO NDANI YAKE NA FAIDA ZAKE KWA AFYA

Kitunguu ni chakula kijulikanacho na watu wote, wa pwani na wa bara, matajiri na maskini. Ni shida kupata mchuzi uliosifiwa nao haukutiwa kitunguu, na gulio lisilo na mafungu ya vitunguu ni nadra kuonekana. Walakini jambo lililozoewa sana aghalabu halichunguzwi. Wengi hula kitunguu kila siku bila kujua kina nini ndani yake. Na wengine, kinyume cha hao, hukisifu kupita kiasi, wakasema ya kuwa chaponya kila ugonjwa, tangu kikohozi mpaka kisukari. Makosa haya mawili yote yana hasara. La kwanza humkosesha mtu faida iliyomo jikoni mwake mwenyewe. La pili laweza kumpotezea mtoto wake. Kwa hiyo yafaa tueleze kwa taratibu kitunguu ni kitu gani, aina zake zatofautianaje, mna kemikali gani ndani yake, na katika sifa zake zipi ni za kweli na zipi ni uvumi tu.

Asili yake

Kitunguu maji, ambacho wataalamu wa mimea hukiita Allium cepa, asili yake ni nchi za Asia ya Kati. Kimelimwa kwa maelfu ya miaka, hata mmea wa mwituni kilikotoka haujulikani tena kwa hakika. Wamisri wa kale walikipanda kando ya mto Nile, wakakichora katika kuta za makaburi yao. Na maiti ya mfalme wao Ramesses IV, aliyekufa zaidi ya miaka 1,100 kabla ya kuzaliwa Kristo, ilikutwa na vitunguu vidogo vimetiwa mahali pa macho. Herodotus, Myunani aliyeandika habari za Misri kabla ya Kristo, alisimulia habari za maandishi katika piramidi kubwa, yaliyotaja fedha iliyotumika kuwanunulia wafanya kazi figili, vitunguu na vitunguu saumu. Biblia na Kurani zote mbili zataja jinsi wana wa Israeli walivyovitamani vitunguu walipokuwa jangwani.

Ndugu yake ni kitunguu saumu, kiitwacho Allium sativum. Wako wanaodhani ya kuwa jina hili latokana na saumu ya Ramadhani, lakini sivyo. Asili yake ni neno la Kiarabu thumu, ndilo jina la kitunguu hicho, na ndiyo sababu wengine husema kitunguu thomu.

Aina za vitunguu maji

Katika masoko ya Afrika Mashariki aina ipatikanayo zaidi ni kitunguu chekundu, ambacho kwa kweli rangi yake yaelekea zambarau. Aina hii hulimwa sana Mang'ola, katika bonde la ziwa Eyasi, wilaya ya Karatu, hata mbegu yake imepata jina la mahali hapo. Mbegu nyingine za vitunguu vyekundu zijulikanazo na wakulima ni Red Creole na Bombay Red. Vitunguu hivi ni vikali, vina maji kidogo kuliko vile vitamu, na kwa sababu hiyo hukaa ghalani muda mrefu.

Aina ya pili ni kitunguu cha manjano, chenye ganda la rangi ya kahawia na nyama nyeupe ya kuelekea manjano. Ndicho kipendwacho zaidi Ulaya na Marekani. Aina ya tatu ni kitunguu cheupe, ganda na nyama. Tena kuna vitunguu vidogo vizaavyo kwa mafungu, shina moja vitunguu vingi. Na kitunguu cha majani, ambacho hung'olewa kingali kichanga kikaliwa pamoja na majani yake.

Mkulima na alijue jambo moja juu ya mbegu. Kitunguu huhesabu saa za mchana. Aina za nchi za kaskazini hazianzi kutunga mpaka mchana uwe na saa 14 au zaidi, kama ulivyo wakati wa kiangazi cha Ulaya. Kwetu karibu na ikweta mchana una saa 12 hivi mwaka mzima. Basi mtu akipanda mbegu hizo ataona majani mazuri ya kijani na shina nene, lakini akingoja kitunguu atangoja bure. Shamba lake halina kosa wala samadi haikupungua. Mbegu ndiyo isiyokuwa ya nchi hii. Anunuapo mbegu aulize kama ni ya nchi zenye mchana mfupi.

Chakula kilichomo

Tukipima gramu 100 za kitunguu kibichi twaona ya kuwa gramu 89 hivi ni maji. Gramu 9 ni wanga na sukari pamoja na nyuzinyuzi, gramu 1 hivi ni protini, na mafuta ni kama hamna. Nguvu zitokazo humo ni kalori 40 tu. Basi kitunguu hakiwezi kushika mahali pa ugali, wala pa maharage, wala pa maziwa. Mtoto aliyedhoofu hatanenepa kwa kulishwa vitunguu.

Vitamini C imo, lakini si nyingi: miligramu 7 hivi katika gramu 100. Hata hivyo kiasi hicho kidogo kimewahi kuwafaa watu. Zamani mabaharia waliokaa miezi mingi baharini bila mboga walishikwa na kiseyeye, fizi zikaoza na meno yakang'oka, na wengi walikufa. Mwaka 1768 nahodha James Cook, Mwingereza, alipotia nanga katika kisiwa cha Madeira, alinunua vitunguu akawagawia mabaharia wake wote. Leo twajua ya kuwa miligramu 10 za vitamini C kwa siku zatosha kuzuia kiseyeye, na kitunguu kimoja kikubwa kibichi cha gramu 150 chatoa kiasi hicho. Majani mabichi ya kitunguu yana vitamini C zaidi, tena yana kile kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ambayo nyama nyeupe ya kitunguu haina. Kwa hiyo yeye atupaye majani mabichi hutupa sehemu iliyo bora kwa macho ya watoto.

Katika wanga wa kitunguu mna aina moja iitwayo frukitani. Matumbo yetu hayawezi kuisaga, nayo hupita mpaka katika utumbo mpana, ambako bakteria wazuri huila na kuongezeka. Hilo ni jema. Lakini bakteria hao wakila hutoa hewa, na ndiyo sababu watu wengine wakila vitunguu vingi tumbo hujaa na kunguruma. Mtu wa namna hiyo hakurogwa wala hana ugonjwa mbaya. Apunguze vitunguu tu.

Kwa nini kitunguu huliza watu

Kitunguu kizima hakina harufu kali, wala hakimlizi mtu akishikaye. Machozi huja kisu kinapopita. Sababu yake ni hii. Kitunguu kimejengwa kwa vijumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Ndani ya seli mmewekwa vitu viwili mbalimbali, kila kimoja katika chumba chake. Kimoja ni kemikali yenye kiberiti, ambacho vitabu vya shule siku hizi hukiita salfa. Kemikali hiyo haina harufu. Kitu cha pili ni kimeng'enya kiitwacho aliinasi, yaani kitu kichocheacho kemikali moja igeuke kuwa nyingine. Kisu kikiivunja seli, kuta hubomoka, vitu hivyo viwili hukutana, na mara hiyo huzaliwa kemikali mpya. Moja katika hizo ni hewa nyepesi irukayo juu mpaka machoni. Ikigusa unyevu wa jicho huwasha, na jicho hutoa machozi ili kujiosha.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani ya kuwa aliinasi peke yake ndiyo ifanyayo kazi hiyo. Mwaka 2002 wachunguzi wa kampuni ya House Foods ya Japani walitangaza ya kuwa kiko kimeng'enya cha pili, ambacho kazi yake hasa ni kuunda hewa hiyo ya machozi. Mwaka 2013 walipewa tuzo ya Ig Nobel, itolewayo kwa uchunguzi unaowachekesha watu kwanza kisha ukawafikirisha; na mwaka 2015 kampuni hiyo ikatangaza kitunguu kisicholiza.

Kitunguu saumu nacho kina aliinasi, lakini kemikali yake ya kiberiti ni nyingine kidogo. Kikipondwa hutoa alisini, ambayo ina harufu kali sana lakini hailizi. Alisini ilitengwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1944 na Chester Cavallito pamoja na John Bailey, nao waliona ya kuwa huua bakteria wa aina nyingi katika vyombo vya maabara.

Mmea haukuumbiwa ukali huu kwa ajili ya mchuzi wetu. Ni silaha yake. Mdudu akiuma kitunguu huvunja seli, akapata malipo yake mdomoni papo hapo. Na nguvu ya silaha hiyo hutegemea udongo. Mwaka 1931 Mose Coleman, mkulima wa jimbo la Georgia, Marekani, alivuna vitunguu akashangaa kuviona vitamu badala ya vikali. Udongo wa sehemu zile una salfa kidogo sana, na mmea ukikosa salfa hauwezi kuunda ukali. Vitunguu hivyo sasa ni maarufu kwa jina la Vidalia. Lakini utamu wao una gharama yake: vina maji mengi, havikai ghalani kama vile vikali.

Faida za rangi

Watu wengi huchagua kitunguu kwa ukubwa wake, bali rangi yake nayo ina maana. Katika kitunguu cha manjano na kitunguu chekundu mna kemikali iitwayo kwesetini. Kiasi chake aghalabu ni miligramu 20 mpaka 50 katika gramu 100, na kitunguu ni mmoja wa vyakula vyenye kwesetini nyingi kabisa. Kitunguu cheupe kina kidogo mno. Kitunguu chekundu kina kemikali ya pili pia, anthosianini, ambayo ndiyo iletayo rangi ya zambarau, kama ile iliyomo katika zambarau zenyewe na katika maua ya choya yanywewayo.

Kemikali hizi haziko sawasawa kila mahali. Ganda kavu la nje ndilo lenye nyingi zaidi, kisha tabaka la kwanza la nyama, na kadiri uingiavyo ndani ndivyo zipunguavyo. Mpishi akimenya kitunguu kwa haraka, akitupa ganda pamoja na matabaka mawili mazima ya nyama, hutupa ile sehemu iliyo bora.

Rangi huulinda mmea wenyewe pia. Katika miaka ya 1920 na 1930, J. C. Walker na K. P. Link wa Wisconsin, Marekani, walichunguza kwa nini vitunguu vyeupe hushikwa na ukungu mweusi wa madoadoa, na vile vya rangi huokoka. Waliona ya kuwa maganda makavu yenye rangi yana kemikali ziyeyukazo katika maji, na mvua ikinyesha maji hayo huzuia mbegu za ukungu zisichipue. Ganda jeupe halina kemikali hizo. Hii ilikuwa mara moja katika zile za kwanza ambapo ilithibitishwa kemikali gani hasa huukinga mmea na ugonjwa.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto mambo haya bila gharama. Kata vipande vyembamba vya kitunguu chekundu, uvigawe katika vikombe viwili. Katika kikombe cha kwanza kamulia limau. Rangi itageuka kuwa nyekundu ing'aayo, kama tuionavyo katika kachumbari. Katika kikombe cha pili tia maji ya magadi. Rangi itaharibika ikawa ya kijani au ya samawati. Vitu hivyo visiliwe baadaye. Kisha chemsha kitunguu kizima mpaka kiive, ukikate mbele ya watoto: hakuna atakayelia, maana moto umekiharibu kimeng'enya kabla ya seli kuvunjwa.

Je, kitunguu chaponya maradhi?

Hapa ndipo pana maneno mengi, na yatupasa kutenga lililojaribiwa na lililosikiwa.

Katika mji wa Zutphen, Uholanzi, wazee wanaume 805 wenye umri wa miaka 65 mpaka 84 waliulizwa habari za chakula chao mwaka 1985, wakafuatwa kwa miaka 5. Wale waliopata kwa wingi kemikali za jamii ya kwesetini, ambazo kwao zilitoka hasa katika chai, vitunguu na matofaa, walikufa kwa ugonjwa wa moyo wachache kuliko wengine. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1993. Ni habari njema, lakini isomwe kwa akili. Mtu alaye mboga na matunda kwa wingi huenda ana desturi nyingine njema pia, na si rahisi kujua ni ipi iliyomwokoa.

Mwaka 1995 Waholanzi wengine walipima ni kiasi gani cha kwesetini huingia mwilini. Waliona ya kuwa nusu hivi ya ile iliyomo katika vitunguu iliingia, zaidi ya mara mbili kuliko ile iliyomezwa peke yake kama dawa. Basi kwa jambo hili chakula chenyewe chafaa kuliko kidonge.

Juu ya shinikizo la damu, wachunguzi wa Bonn, Ujerumani, walitangaza mwaka 2015 ya kuwa kwesetini ya maganda ya vitunguu, miligramu 162 kwa siku, iliwapunguzia kidogo shinikizo wale waliokuwa na ugonjwa huo. Kiasi hicho ni kama cha vitunguu vinne au zaidi kila siku, na punguzo lenyewe halikutosha mtu kuziacha dawa zake. Kitunguu saumu nacho hupunguza shinikizo kidogo kwa wengine, lakini si badala ya matibabu.

Juu ya kisukari, mwaka 2010 wachunguzi wa Gezira, Sudan, walieleza jinsi walivyowapa wagonjwa gramu 100 za kitunguu chekundu kibichi, wakawapima damu kwa muda wa saa 4. Sukari ilipungua. Walakini kwa wagonjwa waliopewa insulini, na wale waliopewa vidonge, ilipungua zaidi. Tena uchunguzi huo ulikuwa wa mwanzo tu, wa muda wa saa chache. Yeyote asomaye habari hii asikimbilie kuacha sindano yake. Mgonjwa wa kisukari ahitajiye insulini, akiiacha kwa kutumainia vitunguu, aweza kufa katika siku chache. Ale kitunguu pamoja na chakula chake kama wengine, na dawa aendelee nayo kama alivyoagizwa na daktari.

Juu ya kuua vijidudu, ni kweli ya kuwa maji ya kitunguu, na hasa ya kitunguu saumu, huua bakteria katika vyombo vya maabara. Lakini tumbo la mtu si chombo cha maabara. Alisini ikiisha kuingia katika damu huharibika upesi sana, haifiki katika pafu wala katika figo ikiwa na nguvu ile ile. Ndiyo sababu haiwezi kuponya kifua kikuu, wala homa ya matumbo, wala malaria. Na ile desturi ya kukata kitunguu na kukiweka chini ya kitanda ili kivute ugonjwa hewani haina msingi wowote. Kitunguu hakina mdomo wa kunyonya vijidudu. Kikigeuka cheusi asubuhi, si kwa kuwa kimekusanya ugonjwa, bali kimekauka na kuoza kama kitu chochote kilichokatwa.

Mambo ya kujihadhari

Kwanza, kikohozi cha watoto. Katika nyumba nyingi mama humpa mtoto mwenye kikohozi maji ya kitunguu na asali. Kwa mtoto mkubwa mwenye mafua madogo hapana ubaya. Asali hutuliza koo. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kamwe, maana yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda. Tena mtoto yeyote apumuaye mbio mbio, au ambaye mbavu zake huingia ndani avutapo pumzi, au akataaye kunyonya, huenda ana kichomi. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Kila saa ipotezwayo kwa kuponda vitunguu ni saa iliyotolewa katika maisha yake. Wazee wa kijiji na walimu wana neno lisikilizwalo, nao waweza kuokoa watoto wengi kwa kulisema jambo hili moja mbele ya watu.

Pili, macho na ngozi. Maji ya kitunguu yasitiwe jichoni kwa kisingizio cha kutibu. Kitunguu saumu kilichopondwa kikifungwa juu ya ngozi kwa saa nyingi chaweza kuunguza kama moto, na watoto wameumizwa hivyo. Kadhalika kisiwekwe juu ya jeraha la moto wala la nyoka.

Tatu, wagonjwa watumiao dawa za kuzuia damu isigande. Vitunguu vya chakula cha kawaida havina neno, lakini kitunguu saumu kwa wingi, au vidonge vyake, vyaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Wamwambie daktari kabla hawajaanza.

Nne, wanyama. Jambo hili wafugaji wengi hawalijui. Kemikali zile zile za kiberiti zisizotudhuru sisi huharibu chembe nyekundu za damu ya ng'ombe, farasi, mbwa na paka. Ng'ombe akila vitunguu vingi vilivyotupwa baada ya mavuno hulegea, ufizi hubadilika rangi, mkojo huwa mwekundu au mweusi, naye aweza kufa. Mbuzi na kondoo huvumilia zaidi, lakini si kwa kiasi chochote. Na kupika hakuondoi sumu hiyo kwa mbwa na paka. Basi katika nchi za kilimo cha vitunguu, marundo ya vitunguu vibovu yafukiwe au yazungushiwe ua, mifugo isiyafikie.

Upishi

Kuchemsha hutoa sehemu ya kwesetini katika kitunguu ikaingia katika maji, wala haipotei. Kwa hiyo mchuzi na unywewe, maji yasimwagwe. Kukaanga kidogo hakuipotezi sana, lakini kukaanga mpaka kitunguu kiwe cheusi huharibu vyote. Ukali wa kiberiti hutoweka motoni, na kitunguu huwa kitamu, kwa kuwa sukari iliyokuwa imefichwa na ukali sasa huonekana.

Katika kachumbari watu wengi husugua kitunguu kwa chumvi kisha hukiosha mara mbili tatu. Hilo huondoa ukali, lakini huondoa pia vitamini C na sehemu ya kemikali njema. Asiyeuogopa ukali na aoshe mara moja tu, akatie limau. Kitunguu saumu kikikatwa kiachwe dakika 10 kabla ya kutiwa motoni, ili kimeng'enya kipate wakati wa kuifanya kazi yake. Na atakaye kupunguza machozi atumie kisu kikali, maana kisu butu huponda seli nyingi na kurusha maji yake hewani.

Kuhifadhi

Vitunguu vivunwe majani yanapoanguka na kukauka shingoni. Kisha vianikwe mahali penye kivuli na upepo mpaka ganda la nje liwe kavu na shingo ijifunge. Ganda hilo ndilo nguo yake na ngao yake. Vikaushwapo juani moja kwa moja huungua. Vikiisha kukauka vitandazwe juu ya chanja palipo na hewa, wala visirundikwe chini wala kufungwa katika mifuko isiyopitisha hewa. Visiwekwe pamoja na viazi ulaya, kwa kuwa unyevu wa viazi huviotesha na kuviozesha. Kila wiki vichambuliwe. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote, na kwa vitunguu ni vivyo hivyo.

Maneno ya mwisho

Kwa ufupi, kitunguu ni chakula kizuri wala si mganga. Chaongeza ladha, kikamfanya mtu ale maharage na mboga kwa furaha. Chalisha bakteria wema wa tumbo. Na kile chekundu na cha manjano chatoa kwesetini kwa wingi kuliko vyakula vingi. Katika soko mtu achague kilicho kizito, kigumu, chenye ganda kavu na shingo iliyofungika, na kama mfuko wake wamruhusu kuchagua rangi, achague chenye rangi. Nyumbani amenye kwa uangalifu, ale kingine kibichi na kingine kilichopikwa, na majani mabichi asiyatupe. Lakini akiugua, kitunguu kibaki jikoni, na mgonjwa aende kwa daktari.